Usimjie kutoka juu

Niko Keroka. Mvua imenyesha tangu saa nane usiku na mabati yamepiga kelele mpaka nikashindwa kulala, kwa hiyo nimekaa hapa na chai yangu na ninaandika lile jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza inbox. Naam, ni kweli. Kwa pastor kulikuwa na kinyonga. Alikaa kwetu siku 19. Na yale maneno ya sokoni kwamba pastor anafuga kinyonga kwa mambo ya giza, naomba yaishie leo.

Lakini siwezi kukueleza habari za kinyonga bila kukueleza habari za mtoto. Ni mtoto wa dada yangu marehemu, ana miaka 13. Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika. Alifikiria kidogo, akasema, "Sawa Anko, lakini usiweke jina, na usiweke picha." Basi sitaweka.

Tulimzika mama yake mwezi wa kumi na moja. Januari kijana akaja kwetu na begi moja na blanketi. Wiki ya pili nikaitwa shuleni: amempiga mwenzake. Wiki ya nne nikaitwa tena: amemuuma mtoto mwingine mkononi mpaka damu ikatoka. Nyumbani alikuwa haongei. Ukimwita haji. Ukimgusa bega anaruka kama umemchoma na moto. Mama kanisa alimwekea chakula mezani, akachukua sahani akaenda kula nyuma ya choo. Nyuma ya choo, mpendwa, wakati nyumba ina viti.

Sasa mimi ni mhubiri wa Pentekoste. Ukinionyesha mtoto anayeuma watu, unajua akili yangu inakimbilia wapi. Niliita wazee wa kanisa, Jumamosi jioni, sebuleni kwangu. Tulikuwa wanaume watano. Tulimweka katikati, wawili wakamshika mabega, mimi nikaweka mkono kichwani, tukaomba kwa sauti. Kadiri tulivyoomba ndivyo alivyopiga mateke. Kadiri alivyopiga mateke ndivyo tulivyoongeza sauti. Mwishowe akamuuma mzee mmoja kwenye kidole, akatoka mbio, akalala kwa jirani. Sisi tuliobaki tukaangaliana na kusema, mmeona? Hiyo ni roho.

Mimi bado naamini kuna mapepo, na bado naamini jina la Yesu linayatoa. Sijabadilisha fundisho. Usikimbilie kwenye maoni kuandika kwamba pastor amerudi nyuma. Endelea kusoma.

Likizo ya Aprili, mvua za masika zikiwa zimeshika, kijana akaingia kwa geti huku pua inatoka damu na shati limechanika. Mkononi alikuwa ameshika fimbo ya saipresi, na juu ya fimbo kulikuwa na kinyonga. Vijana watatu walikuwa wanampiga pale kando ya barabara ya kwenda Sotik, wakimrushia mawe, na mmoja alikuwa anajaribu kumtia tumbaku mdomoni. Mimi nilipokuwa mdogo nilifanya hivyo hivyo, na niliwaona wenzangu wakifanya, na tulicheka kinyonga akigeuka mweusi na kufa. Kijana wetu aliwapiga wote watatu, au wote watatu walimpiga yeye, sijui vizuri. Lakini kinyonga alitoka naye.

Mama kanisa akasimama mlangoni. "Baba, hiyo kitu haiingii kwa nyumba yangu."

Na wewe unamwelewa. Huku kwetu, na si huku kwetu tu, mtu mzima anaweza kukutana na nyoka akatafuta panga, lakini akikutana na kinyonga anavuka barabara. Wakamba wana hadithi ya kinyonga aliyetumwa na Mungu kupeleka habari kwa wanadamu kwamba watakufa na kufufuka, akakawia na kugugumia mpaka ndege akamtangulia na habari nyingine. Wazulu kule Afrika Kusini wana hadithi inayofanana na hiyo, ila kwao aliyemtangulia ni mjusi. Wabukusu nao husema ni kinyonga aliyenyimwa chakula, akalaani watu kwa kifo. Sisi waliookoka tunasema hatuamini hadithi hizo, halafu tunavuka barabara vilevile. Nami nikaongeza Maandiko juu yake: nikamkumbusha kijana kwamba kinyonga ametajwa katika Mambo ya Walawi sura ya 11, mstari wa 30, kati ya wanyama najisi.

Kijana akaniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia machoni tangu Januari. Akasema, "Anko, simli. Namtibu."

Sikuwa na jibu. Nikampigia simu mwalimu mmoja mstaafu wa Bayolojia, mshirika wetu, mtu wa maneno machache. Akaja na pikipiki, mvua ikinyesha.

Wakati tunamngoja, nikataka kuwaonyesha watu wa nyumba yangu kwamba mtumishi wa Mungu haogopi kinyonga. Nikanyoosha mkono nimshike mgongoni. Lo! Yule mnyama mwenye urefu wa kiganja changu alijipanua ubavu akawa kama jani, akavimbisha koo, akafungua mdomo wote nikaona ndani, akafoka kama nyoka. Rangi ikageuka, kijani ikaisha, akawa mweusi wenye madoa. Sikusikia, nikaendelea. Akaniuma kwenye kidole gumba. Haikuuma sana, kusema kweli, na wala hana sumu, lakini nilipiga kelele ambayo majirani bado wananikumbusha.

Mwalimu alifika nikiwa naosha mkono. Akauliza nilifanyaje. Nikamweleza. Akasema hivi, na ninakunukulia neno kwa neno kwa sababu sijalala vizuri tangu siku hiyo: "Pastor, umemjia kutoka juu. Kila kitu kinachomjia kutoka juu kinataka kumla."

Akaeleza. Adui wa kinyonga ni ndege na nyoka. Yeye hana mbio, hana meno ya maana, hana kucha za kupigana. Kitu pekee alicho nacho ni kujifanya mkubwa na mbaya, ili anayemjia abadilishe mawazo. Anapofoka hapiganani, anaomba aachwe. Na ile rangi nyeusi si ya kukuficha nia yake. Watu wanadhani kinyonga hubadilika ili afanane na mahali alipo, na tumemgeuza kuwa jina la wanasiasa wetu wanaohama vyama. Mwalimu alisema tunamsingizia. Hubadilika zaidi kwa sababu ya hali yake: joto, baridi, hofu, hasira, mapenzi. Mwaka 2015 wanasayansi wa Geneva, Uswisi, walionyesha kwamba kwenye ngozi ya jamii moja ya vinyonga wa Madagaska kuna fuwele ndogo sana, na mnyama anaposisimka fuwele hizo huachana nafasi na mwanga unarudi kwa rangi nyingine. Kwa maneno mengine, huyu ni kiumbe asiyeweza kuficha anavyojisikia. Yuko mbali sana na unafiki. Mimi ndiye ninayeweza kucheka madhabahuni huku nimekasirika.

Nikamuuliza, "Sasa Mwalimu, tunamtulizaje?"

Akasema, "Hatumtulizi. Tunaacha kumtisha."

Basi sikiliza tulivyofanya, maana huenda na wewe siku moja utamkuta mmoja amepondwa kando ya shamba la majani chai, na badala ya kuvuka barabara utataka kumsaidia. Usimvute. Miguu yake imegawanyika kama koleo, inashika tawi kwa nguvu, na ukimvuta unaweza kumvunja. Weka kijiti mbele yake, chini ya kifua, ungoje. Atapanda mwenyewe. Mpeleke polepole, usimwinamie.

Nyumbani tulichukua mche wa mparachichi uliokuwa kwenye ndoo, tukauweka barazani juu ya meza, na juu ya meza tukaongeza stuli. Juu kabisa, kupita vichwa vyetu. Mwalimu alisisitiza hilo: akiwa chini ya macho yako anajiona windo, akiwa juu yako anapumzika. Tukamfunika na neti kuukuu ya mbu upande mmoja ili awe na majani ya kujificha. Maji hatukumwekea kwenye kisahani, kwa sababu vinyonga hawajui maji yaliyotulia. Wao hunywa matone kwenye majani. Macho yake yalikuwa yamezama ndani, na hiyo ni dalili ya kiu. Kijana akanunuliwa chupa mpya ya kupulizia (mpya, tafadhali, si ile uliyotumia dawa ya kupe), akawa ananyunyizia majani asubuhi na jioni. Panzi aliwakamata kwenye nepia ambayo haijapigwa dawa. Na sheria ya mwisho, ambayo ilinishinda mimi kuliko mtoto: asishikwe. Asishikwe hata kidogo. Wala tusimwite watu waje kumwona.

Siku ya kwanza alikaa mweusi na hakula. Siku ya pili alimfokea kila aliyepita, hata paka. Siku ya tatu nikamwambia kijana, huyu atakufa, tumwombee. Akasema, "Omba ukiwa mbali." Nikaenda kuomba jikoni.

Siku ya nne, saa tano hivi, jua limetoka, nikasikia kijana ananiita kwa sauti ya chini. Nikaja kwa kunyata, mchungaji mzima, nikasimama nyuma ya mlango. Jicho moja la kinyonga lilikuwa linatuangalia sisi, la pili linamwangalia panzi. Yeye anaweza kuyageuza kila moja kivyake. Halafu macho yote mawili yakaelekea mbele. Ulimi ukatoka, mrefu kuliko mwili wake, ukarudi, na panzi hayupo. Kijana akacheka. Mama kanisa alikuwa anafua nguo nje, akaacha kufua. Hatukuwa tumewahi kukisikia kicheko hicho.

Usiku ule sikulala, na haikuwa mvua. Nilikuwa naona sebule yangu. Wanaume watano. Mabega yameshikwa. Mkono wangu unashuka juu ya kichwa cha mtoto ambaye miezi miwili kabla alikuwa amesimama kando ya kaburi la mama yake huku watu wakubwa wakimwambia asilie, awe mwanaume. Tulimjia kutoka juu, mpendwa. Alifanya yale ambayo kiumbe asiye na silaha hufanya, na sisi tukamwita pepo.

Nikafungua 1 Wafalme 19. Nimeihubiri sura hiyo miaka mingi, na kila mara nakimbilia kwenye ile sauti ya utulivu pale Horebu, kwa sababu hapo ndipo watu husema amina. Usiku ule nilikwama mwanzoni. Eliya ametoka Karmeli, ameua watu, sasa anakimbia, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Mtu wa hatari kabisa, na mtu aliyeisha kabisa. Mungu hakumhubiria. Hakumkemea. Alimwacha alale. Akamletea mkate na maji. Akamwacha alale tena. Akamletea tena. Maswali yalikuja baadaye sana, baada ya siku 40 za kutembea. Najua utasema malaika alimgusa. Ndiyo, alimgusa, ili amwambie ale.

Kesho yake nilimfuata kijana barazani. Sikusimama. Niliketi chini, kwenye sakafu, yeye akiwa kwenye kiti, na nilijisikia mjinga kwa sababu magoti yangu hayako sawa siku hizi. Nikamwambia, "Ile siku ya wazee, nilikukosea. Nilikuogopesha. Nisamehe." Hakujibu. Alikuwa anapulizia majani. Nikakaa kama dakika kumi, nikaondoka. Jumapili iliyofuata niliwaambia wazee wangu vilevile, kwenye kikao, na si wote waliofurahi. Mmoja alisema nimemdhalilisha. Nikamjibu kwamba kidole chake kimepona na changu pia, na tuendelee na ajenda.

Tulibadilisha mambo machache ya nyumbani. Ule ukuta wa stoo tulikoweka mahindi tulitoa magunia, tukaweka kitanda na pazia, pakawa pake. Akitaka kula huko, ale huko. Asiitwe mbele ya wageni kusema shukrani au kukariri mstari. Mimi nikitaka kuongea naye ninabisha, naye anaweza kusema "si saa hii", na ninarudi. Mama kanisa, ambaye ana hekima kuliko mimi, aliacha kumuuliza maswali kabisa. Alianza tu kumpa kazi za mikono miwili kando yake, kama kumenya ndizi, na kunyamaza naye.

Usinielewe vibaya, hakugeuka malaika. Mwezi uliopita nimeitwa shuleni tena. Na sitaki mtu aandike kwamba kila mtoto mgumu anatakiwa kuachiwa afanye apendavyo. Kuuma watu ni vibaya, na hilo tulizungumza, na alienda kumwomba yule mwenzake radhi. Lakini alienda mwenyewe, na tulizungumza baada ya kula.

Kuna waliosema tungemweka kinyonga awe wetu, maana alikuwa ameanza kutuzoea. Mwalimu alikataa mara mbili. Kwanza, alisema, hakutuzoea. Ameacha kutuogopa tu, na hayo ni mambo mawili. Pili, sheria. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013, huruhusiwi kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Tulimtibu, basi arudi. Akanisimulia kwamba mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka hapa Kenya walisafirishwa mpaka Hawaii kuuzwa dukani. Walifika wamekonda na wana kiu, mwenye duka akawaachia kwenye bustani yake wapate nguvu. Walipata nguvu, wakaenda zao, na mpaka leo wapo huko kwenye milima, wakila wadudu na konokono wa visiwa ambao hawakuwahi kuwajua. Mimi hadithi hiyo ilinichekesha. Kijana haikumchekesha. Aliuliza, "Walikuwa wamepelekwa mbali na nani?" Nikaangalia chini.

Siku ya 19 tulimrudisha. Si barabarani, kwenye ua wa saipresi nyuma ya kanisa, ambako kuna vichaka na hakuna vijana wa mawe. Kijana aliweka kijiti, akangoja. Kinyonga akapanda, akatikisika mbele na nyuma kama jani kwenye upepo, ndivyo wanavyotembea, akaingia ndani ya matawi. Rangi yake ilikuwa kijani, na mstari wa manjano ubavuni ambao siku ya kwanza haukuonekana kabisa. Hakugeuka nyuma. Mimi nilitegemea angegeuka.

Nikadhani habari imeisha. Lakini wiki iliyopita, Jumatano baada ya maombi, watu wameenda na nimefunga milango, nikamkuta kijana amesimama gizani kwenye ule ua. Nikakohoa kwanza, ajue ni mimi. Akasema, "Anko, kuja uone. Pole pole."

Nikawasha tochi ya simu.

"Usimmulike kwa macho. Mulika pembeni."

Nikamulika pembeni. Kinyonga usiku akilala hupauka, karibu awe mweupe, kwa hiyo unaweza kumwona kirahisi mchana usipomwona kabisa. Alikuwa pale, mkia umejikunja, macho yamefungwa, ameshika tawi. Kama ni yuleyule sijui. Kijana anasema ni yeye, ana kovu kwenye mkia.

Tulisimama. Mbu walitula. Baada ya muda mrefu kijana akasema, bila kuniangalia, "Mama alikuwa analala na taa imewashwa. Mimi ndiye nilikuwa nazima."

Sikusema kitu. Nilizima tochi, tukakaa hapo gizani mpaka mama kanisa akatuita chai.